Sura ya Nne: Kabrasha

Kabrasha hufika siku chache kabla ya kikao cha Baraza la chuo. Zamani lililetwa na dereva, limefungwa ndani ya bahasha ya kaki. Siku hizi vyuo vingi humpa mjumbe kishikwambi akalifungulia humo. Kilichobadilika ni chombo tu. Ndani mna yale yale: muhtasari wa kikao kilichopita, yatokanayo, taarifa ya fedha ya robo mwaka, mapendekezo ya kamati, kisha nyaraka zenye vichwa vinavyoanza na neno moja. Ombi la kuidhinisha. Ombi la kuhamisha fedha. Ombi la kuajiri.

Mjumbe mgeni hulianza kabrasha ukurasa wa kwanza na kuchoka ukurasa wa arobaini. Mjumbe mzoefu hulianzia nyuma, kwenye viambatisho. Anajua kwamba waraka umeandikwa na mwombaji, na mwombaji hana sababu ya kutanguliza habari mbaya.

Sura hii inafuata safari ya ombi ndani ya chuo kikuu cha umma, tangu linapoandikwa idarani mpaka linapopata jibu. Nitakaa zaidi Tanzania, na ndani ya Tanzania nitakaa zaidi Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Chuo hicho kilianza mwaka 1961 kama chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London, katika jengo la chama cha TANU mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo kimoja cha sheria na wanafunzi wanaotosha daladala moja. Kikahamia Mlimani mwaka 1964, na tarehe 1 Julai 1970 kikawa chuo kikuu kamili cha taifa. Sijui kama aliyechagua tarehe hiyo alikuwa mhasibu, lakini 1 Julai ndiyo siku mwaka wa fedha wa Serikali unapoanza, na tangu hapo maisha ya chuo yameendeshwa na kalenda hiyo kuliko kalenda ya mihula.

Kwanza msamiati, maana humo ndimo mambo mengi yanamofichwa. Muhtasari wa Baraza hauna maneno ya bure. Ukisoma kwamba Baraza "lilipokea" taarifa, ujue halikuikubali wala kuikataa, imeingia kabatini. "Liliridhia" maana yake wajumbe hawana kinyongo, menejimenti iendelee. "Liliidhinisha" ndilo neno lenye fedha ndani yake. Mkaguzi akija mwaka unaofuata atalitafuta neno hilo hilo, na asipolikuta ataandika hoja. "Lilielekeza" huonyesha kuwa Baraza limekasirika kwa adabu. Na ombi likirudishwa kwenye kamati "kwa uchambuzi zaidi", hapo limekataliwa bila kumwaibisha aliyeliomba mbele za watu, na kila aliyelelewa katika nyumba zetu anaielewa namna hiyo ya kukataa.

Sheria ya Vyuo Vikuu Na. 7 ya 2005, pamoja na hati idhini ya kila chuo, hugawa madaraka juu ya karatasi kwa mstari ulionyooka: mitaala, mitihani na shahada ni vya Seneti, fedha, mali na watumishi ni vya Baraza. Mstari huo haunyooki hivyo chuoni. Seneti inapopitisha programu mpya ya shahada ya kwanza, kimya kimya imeshaajiri walimu ambao hawapo na imeshajenga maabara ambayo haijachorwa. Baraza huletewa bili baadaye, wanafunzi wakiwa wamekwisha kudahiliwa. Nikiulizwa ni wapi matumizi ya chuo huamuliwa kweli kweli, ningemwelekeza mtu kwenye kikao cha Seneti cha miaka mitatu nyuma kabla ya kumpeleka kwenye kikao cha bajeti.

Ndani ya Baraza huketi wateule kutoka nje ya chuo, wawakilishi wa Serikali, wa wanataaluma, wa wafanyakazi na wa wanafunzi. Menejimenti huongozwa na Makamu Mkuu wa Chuo, ambaye kiti chake ni cha ajabu kidogo. Ndiye anayeomba, ndiye atakayetekeleza akikubaliwa, na kwa kuwa ndiye afisa masuuli, ndiye atakayesimama Dodoma mbele ya Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali mambo yakiharibika. Wajumbe wengine wakishapokea posho ya kikao na kuondoka, yeye hubaki na saini yake.

Sasa tuchukue mfano wa kubuni. Idara ya hisabati ya chuo fulani cha umma imeanza mwaka wa masomo, ni Oktoba, na darasa la takwimu la mwaka wa kwanza limefurika hadi madirishani. Mwalimu aliyekuwa akilifundisha amestaafu Juni. Umeme nao hukatika katikati ya mitihani ya kompyuta. Mkuu wa idara, mama mmoja mpole mwenye mwandiko mzuri, anaandika barua mbili kwa siku moja. Ya kwanza inaomba jenereta. Ya pili inaomba mhadhiri.

Barua ya jenereta ina njia ndefu lakini yenye alama. Inaingia kwenye makadirio ya kitivo, inatoka kitivoni na kugombana na barua za wenzake mbele ya kamati ya mipango na fedha, na ikishinda inakuwa mstari mmoja katika bajeti, upande wa mapato ya ndani: ada, pango la majengo, ushauri wa kitaalamu. Baraza hupitisha bajeti na mpango wa ununuzi wa mwaka. Hapo kazi yake imekwisha. Halina ruhusa ya kusema jenereta linunuliwe kwa nani. Hilo ni la bodi ya zabuni, afisa masuuli na kitengo cha ununuzi, na tangu 2023 zabuni hupitia mfumo wa kielektroniki wa NeST. Mjumbe anayepiga simu kuulizia zabuni ya shemeji yake anavunja sheria hata kama sauti yake ni ya upole. Utaratibu huu unachosha, wazabuni wanaulalamikia, na bei humo hazitoki ndogo kila mara. Lakini jenereta linafika. Baada ya miezi minane, au kumi, gari linashusha kitu kizito cha rangi ya njano nyuma ya jengo la hisabati, na mafundi wanaanza kuchimba msingi.

Barua ya pili inakwenda kwingine kabisa, na msomaji anivumilie kidogo, kwa sababu hapa ndipo penye kiini.

Neno la kwanza ni ikama. Ni orodha ya nafasi zote ambazo chuo kinatakiwa kuwa nazo: mkufunzi msaidizi, mhadhiri msaidizi, mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, na kuendelea hadi profesa, pamoja na makatibu, mafundi sanifu, madereva na wauguzi wa zahanati ya chuo. Ikama inaweza kusema idara ya hisabati inahitaji watu ishirini na mbili wakati waliopo ni kumi na watatu. Pengo hilo linajulikana na kila mtu, limeandikwa, limepigwa mihuri, na kujulikana kwake hakumlipi mtu mshahara.

Neno la pili ni ukomo. Kila mwaka Hazina hutoa mwongozo wa maandalizi ya mpango na bajeti, na baada yake kila taasisi hujua ukomo wake, yaani kiasi isichoruhusiwa kukivuka. Mishahara ya watumishi wa chuo cha umma hulipwa na Serikali moja kwa moja, na kwa vyuo vilivyo chini ya Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia huombewa Bungeni ndani ya Fungu 46. Kwa hiyo Baraza linapoidhinisha ajira mpya, neno "kuidhinisha" limebadilika maana bila mtu kutangaza. Kwenye jenereta lilimaanisha "nunueni". Kwenye mhadhiri linamaanisha "tuombe".

Neno la tatu ni kibali. Hiki hutoka Ofisi ya Rais, Menejimenti ya Utumishi wa Umma na Utawala Bora, ambayo watu huiita Utumishi tu. Kibali kikitoka kinaweza kuwa cha nafasi chache kuliko zilizoombwa, na chuo hurudi mezani kugawana kidogo kilichopatikana: hisabati au uuguzi? Sheria au uhandisi wa maji? Baada ya kibali huja tangazo, mara nyingi kupitia Sekretarieti ya Ajira, na masharti yanayojulikana na kila mhitimu anayeota kubaki chuoni, likiwemo la GPA isiyopungua 3.8 kwa mkufunzi msaidizi. Kisha usaili wa mchujo, kisha usaili wa ana kwa ana, kisha kupangiwa kituo, kisha kuripoti.

Kuna maelezo ya zamani kuhusu namna kamati zinavyogawa muda wao. Mwaka 1957, C. Northcote Parkinson, mwanahistoria Mwingereza aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Malaya huko Singapore, alichapisha kitabu cha mzaha mzito kuhusu ofisi na kamati. Ndani yake mna kamati ya fedha ya kubuni inayopitisha mtambo wa nyuklia wa pauni milioni 10 kwa dakika mbili na nusu, kisha inajadili banda la baiskeli la pauni 350 kwa dakika arobaini na tano. Maelezo yake ni kwamba mtambo haueleweki na wengi mezani, ilhali banda kila mmoja amewahi kuliona.

Niliwahi kuketi kama mwalikwa kwenye kikao cha chuo kimoja, sitakitaja, ambako fungu la mishahara la mwaka mzima lilipita kabla chai haijapoa. Baadaye rangi ya sare za walinzi ikatuweka mpaka adhana ya alasiri. Mjumbe mmoja alisimama mara tatu. "Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba mwongozo wako: hii kaki ni kaki ipi?" Nilicheka kimoyomoyo nikimkumbuka Parkinson. Lakini njiani kuelekea nyumbani nilianza kumtilia shaka. Wale wajumbe walikuwa watu wazima waliowahi kuendesha benki, mahakama na wizara. Fungu la mishahara hawakulinyamazia kwa kutolielewa. Walilielewa vizuri mno: walijua mstari ule hauongezeki wala haupungui kwa maneno yao, umeshakatwa kwingine. Sare za walinzi zilikuwa zao. Mtu hujadili kilicho chake.

Mlimani kuna kitu kingine ambacho ni chao kweli, nacho ni ardhi. Mwaka 2004 chuo kiliingia mkataba wa pango wa miaka 50 na kampuni ya Mlimani Holdings, na mwaka 2006 likafunguliwa jengo la maduka la Mlimani City, kando ya barabara ya Sam Nujoma, mahali ambapo leo kila mkazi wa Dar es Salaam amewahi kukaa foleni. Kwa chuo lilikuwa wazo la busara: ardhi iliyolala izae mapato yasiyongoja Fungu 46. Kisha Mdhibiti na Mkuu wa Hesabu za Serikali akaanza kuuliza kwenye ripoti zake kuhusu gawio la chuo na kuhusu sehemu za mradi zilizoahidiwa, hoteli mojawapo, ambazo hazikujengwa kwa wakati. Kamati za Bunge nazo zikauliza. Nani alikuwa sahihi katika kila kifungu siwezi kulimaliza hapa. Ninachokiona ni muda: kikao kinachoidhinisha pango la nusu karne huchukua asubuhi moja, na wajumbe wake huhudumu miaka michache tu. Wanaojibu maswali ya wabunge huwa si wao waliosaini.

Kuna pia majengo ambayo hayaombwi. Aprili 2017 Rais John Magufuli alifungua mabweni mapya Mlimani, majengo 20 yenye nafasi za wanafunzi 3,840, yaliyojengwa na Wakala wa Majengo kwa shilingi bilioni 10. Novemba 2018 akafungua maktaba iliyojengwa kwa msaada wa China, yenye uwezo wa kuhudumia watu 2,100 kwa wakati mmoja na kuweka vitabu 800,000. Ni zawadi, na mwenye akili hakatai zawadi. Lakini jengo la zawadi huja na bili ambazo si zawadi: maji, umeme wa viyoyozi, lifti, mafundi bomba, wakutubi. Kikao kinachofuata sherehe ya kukata utepe hukuta mistari hiyo kwenye bajeti, na hapo hakuna ngoma wala wapiga picha. Mstari wa wakutubi, bila shaka, unahitaji kibali.

Jinsi Baraza lilivyo dogo mbele ya kibali ilionekana wazi mwaka 2016. Juni mwaka huo Serikali ilisimamisha ajira mpya na upandishaji vyeo kupisha uhakiki wa watumishi hewa. Baadaye ukaja uhakiki wa vyeti, na Aprili 2017 Rais akakabidhiwa orodha ya watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Wizi wa mishahara hewa ulikuwa wa kweli na ulistahili kukomeshwa. Ila kustaafu hakukusimamishwa, wala kufa, wala udahili. Vyuo viliendelea kupokea wanafunzi kila Oktoba huku walimu wakipungua. Waliokuwa wamepanda vyeo kwa sifa, machapisho yao yamepimwa na wasomi wa nje na kamati ya Baraza imekubali, walibaki katika hali ambayo wenyewe waliipa jina la kejeli: profesa kwa barua, mhadhiri kwa mshahara. Tofauti ya mshahara ikawa malimbikizo, malimbikizo yakawa ajenda ya kudumu kwenye vikao vya UDASA, jumuiya ya wanataaluma wa Mlimani, na vya THTU, chama cha wafanyakazi wa vyuo.

Msomaji wa Kenya hapa atatikisa kichwa na kusema tatizo ni pingu. Liacheni baraza liajiri lenyewe. Kwake limeachwa, au lilikuwa limeachwa. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza mwaka 1998 kupokea wanafunzi wa kujilipia, wale wa "parallel", na vyuo vingine vikafuata. Fedha zikaingia zisizopitia wizarani. Mabaraza yakawa na uhuru ambao wenzao wa Tanzania wanauota: yalifungua kampasi juu ya maduka na benki za miji midogo, yakakodi ghorofa, yakaajiri. Kila ombi lilionekana la busara siku liliposomwa, kwa sababu kila mwaka wanafunzi walikuwa wengi kuliko mwaka uliotangulia.

Kisha ukaja mtihani wa kumaliza sekondari, KCSE, wa mwaka 2016. Wizi wa mitihani ulidhibitiwa, na waliopata C+ kwenda juu, kiwango cha kuingia chuo kikuu, wakashuka kutoka zaidi ya laki moja na nusu mwaka uliotangulia hadi chini ya 90,000. Waliopata A nchi nzima walikuwa 141. Serikali ikaweza kuwapangia karibu wote waliofuzu nafasi za kudhaminiwa, na bomba la "parallel" likakauka. Wafanyakazi walioajiriwa kwa fedha zile hawakukauka. Mshahara hauna msimu. Kampasi zikafungwa moja moja, na wakaguzi wakaanza kuandika jambo baya kuliko deni la kawaida: makato ya kodi na pensheni yaliyokatwa kwenye mishahara lakini hayakufika yalikopaswa kufika. Mhadhiri alistaafu akagundua kwamba akiba yake ilikuwa imelipia pango la kampasi iliyofungwa.

Na uhuru wenyewe ulikuwa na kamba. Januari 2020 Baraza la Chuo Kikuu cha Nairobi lilimteua Stephen Kiama kuwa Makamu Mkuu. Siku chache baadaye Waziri wa Elimu George Magoha akafuta uteuzi na kulivunja Baraza. Ilibidi mahakama ya ajira iingilie kati ndipo Kiama arudi ofisini.

Kwa hiyo nikilazimishwa kuchagua kati ya kibali kinachochelewa na mshahara usiofika, nachagua kibali. Nimekaa na wastaafu, najua wanavyohesabu. Lakini sikubali kwamba hakuna njia ya tatu. Seneti isipitishe programu yoyote mpya bila jedwali la walimu watakaoifundisha, kwa idadi na vyeo, na Baraza liwe na ruhusa ya kuizuia programu hiyo mpaka watu wapatikane. Sehemu ya mapato ya ndani iruhusiwe kuajiri kwa mikataba ya miaka mitatu au minne, kwa kiwango kisichovuka kile ambacho pango na ada vimekwisha kuleta, wala si kile vinachotarajiwa kuleta. Na muhtasari uwe na safu moja ya ziada mbele ya kila ombi la mtumishi: tarehe lilipoandikwa idarani. Wajumbe wa Baraza huona tarehe ya waraka tu, ambayo daima ni ya juzi.

Turudi kwa mkuu wa idara ya hisabati na barua zake mbili za Oktoba. Ombi la mhadhiri liliingia kwenye ikama Novemba, likapita Baraza Januari, likaenda Dodoma, na Juni Bunge likapitisha bajeti. Kibali kilitoka Februari ya mwaka uliofuata: nafasi moja, mkufunzi msaidizi badala ya mhadhiri. Katikati ya hapo somo la takwimu lilifundishwa na mwalimu wa muda aliyelipwa kwa saa, na mihula miwili malipo yake yalichelewa. Tangazo likatoka Aprili, usaili ukafanyika Julai, barua ya kupangiwa kituo ikafika Septemba.

Kijana aliripoti Oktoba, na begi moja na bahasha ya vyeti. Jenereta lilikuwa limeshafanyiwa matengenezo mara mbili. Wanafunzi waliosimama madirishani siku ombi lake lilipoandikwa walikuwa wameingia mwaka wa tatu, na somo la takwimu walikwisha kulimaliza.